Pikapu ya Safari Ndefu

Nianze na hili, ili mwenye haraka alijue mapema: kisiwa chetu hakina safari ndefu. Utoke Makunduchi kusini asubuhi baada ya chai, uendeshe bila kukimbia, usimame kila unapotaka kusimama, na bado utafika Nungwi kaskazini mchana, mbele yako bahari na barabara imekwisha. Hakuna pa kuendelea. Njia hiyo nimeipita kila Alhamisi kwa miaka kumi na minne na najua kila tuta lake. Lakini mume wangu, alipostaafu ukarani, aliingiwa na wazimu wa kutafuta pikapu inayofaa barabara kuu za safari ndefu, na wazimu ule haukumwacha mtu salama pale nyumbani kwetu Kiembe Samaki.

Gari yenyewe ni ya kazi yangu, si yake. Yeye huendesha tu, tangu astaafu. Mimi nanunua kamba za makumbi kwa wanawake wa shamba na kuzipeleka Nungwi, kwa mafundi wanaoezeka mapaa ya makuti ya hoteli. Kwa asiyejua, makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi. Wanawake huyafukia kwenye tope la pwani, wakayawekea mawe juu, wakayaacha miezi mingi yalainike. Kisha huyafukua, wakayapiga kwa rungu mpaka zibaki nyuzi tupu, wakazianika, na ndipo wanapokaa kitako kusokota. Kamba unayoinunua leo ni makumbi yaliyofukiwa zaidi ya nusu mwaka nyuma. Mwanamke anayefukia makumbi leo anafanya hivyo kwa sababu anaamini kwamba mnunuzi atakuwepo atakapoyafukua.

Makunduchi hakuna tabu, maana huko nanunulia uani kwa binamu yangu na wenye kamba wote huja hapo. Uroa ndiko kwenye utaratibu wake. Uroa mnunuzi hapigi hodi. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijifunza kwa kukosea. Alhamisi yangu ya kwanza nilipiga hodi nyumba mbili, na zote mbili nilitolewa kamba mbichi, bado zina maji ya chumvi, kwa kuwa wenyewe waliona haya kuniambia hawana. Mtu amesimama mlangoni pako, ametoka Mjini, utamwambiaje huna? Kuanzia Alhamisi ya pili nikawa nasimama kwenye njia panda, karibu na nyumba ya kwanza, nangoja garini. Mwenye kamba alitoka nazo. Asiyekuwa nazo, au aliyeudhika na jambo, au asiyetaka tu kuniona siku hiyo, alikaa ndani kwake na hakuulizwa kitu. Kukaa ndani lilikuwa jibu kamili. Honi sikuipiga hata siku moja, kwa sababu honi ni hodi ile ile, tena ya mtu mvivu. Simu nazo wanazo, lakini kumpigia mtu na kumwuliza una kamba au huna ni kumbana vilevile.

Walijuaje kuwa nimefika? Walisikia. Pikapu yetu ya zamani ilikuwa ya petroli, na eksozi yake ilitoboka mwaka wa pili tu nikiwa nayo. Kila alipoiziba fundi ikatoboka kwingine. Ilipokuwa ikikaribia Uroa, wanawake walioko pwani wanapiga makumbi waliweka rungu chini, na walioko jikoni wakaepua chungu. Hadi naizima pale njia panda, wa kwanza alikuwa yuko njiani na mzigo wake kichwani. Mimi wakati huo wala sikulifikiria hilo. Niliona aibu tu kwa ule mlio na nikawaomba radhi majirani zangu kila asubuhi.

Nyumba ile ya kwanza, pale penye njia panda, ilikuwa ya bibi mmoja mjane aliyekuwa ameshapita sabini. Kamba zake zilikuwa bora kuliko za mtu yeyote kisiwani, na nayasema haya nikiwa nimeshika kamba za watu wengi. Zilikuwa nene sawasawa mwanzo hadi mwisho, na hazikuwa na kinyuzi kinachochoma mkono. Aliishi peke yake. Mwanawe wa pekee anafanya kazi uwanja wa ndege na nyumba yake iko Kiembe Samaki, mitaa miwili kutoka kwangu. Ni mtu mwema sana, na kwa miaka alikuwa akimwomba mama yake ahamie kwake, apumzike. Alhamisi moja alikuwepo pale Uroa na mimi nikashuhudia. Alimbembeleza mbele yangu, labda akitarajia nimsaidie. Bibi alikuwa anafunga kamba zake mafundo.

"Mwanangu, mie nna kazi," akamwambia. "Siku mtu wa kamba akiacha kuja, hapo sina hoja tena. Njoo unichukue, ntakwenda na wala sitakutia tabu."

Akanitazama, akacheka. Nami nikacheka, nikamwambia yule bwana kwamba basi ana kazi ya kungoja. Niliyasema kwa majivuno hasa, kama mtu aliyeulizwa kuhusu jua kuchomoza.

Sasa nirudi kwa mume wangu na wazimu wake.

Ulianzia kwenye simu. Mtu aliyefanya kazi ya karatasi miaka thelathini akipewa simu na mchana mtupu, atakutafutia balaa. Alianza kutazama video za wazungu wanaoshindanisha pikapu: hii ya petroli tupu, hii ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Ipi nzuri kwa barabara kuu? Wazungu wale walikuwa wakiendesha kutwa nzima kwenye barabara iliyonyooka isiyo na mbuzi wala mtu, wakihesabu lita. Mume wangu akawa anakula nao, anakunywa nao. Nikimletea chakula ananiambia, "Unajua bibi we, ukivuka mwendo fulani kwenye barabara kuu, upepo ndio adui?" Nikamwuliza upepo gani, na pale njiani Tunguu kila baada ya hatua chache kuna tuta. Akaniambia sifahamu.

Kisha akaupeleka ugomvi barazani, Mji Mkongwe, kwenye kahawa ya alasiri alikozoea kukaa tangu ujana. Baraza ikagawanyika pande mbili. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na pikapu. Wengine hawana gari kabisa, na mmoja hajavuka Mwera tangu azikwe baba yake, lakini wote walikuwa na neno kuhusu safari ndefu. Upande wa petroli ulisema betri ikifa utakaa njiani na hakuna fundi atakayeigusa. Upande wa haibridi ulisema ngojeni meli ya mafuta ichelewe tena, mtatuambia vizuri mkiwa kwenye foleni ya sheli. Wakapandishiana sauti mpaka muuza kahawa akawaomba wamwache awatumikie wengine. Mume wangu alirudi nyumbani kila jioni ana hasira za mjadala ambao mimi sikuwemo, akanimalizia mimi.

Nikasema liwe liwalo, tumwulize fundi. Fundi wetu ni mtu wa maneno machache, na hilo peke yake lilikuwa nafuu. Alitusikiliza huku akifuta mikono.

"Kwenye barabara ndefu iliyonyooka haibridi haina faida kubwa," akasema. "Injini ndiyo inafanya kazi yote, betri unaibeba tu. Faida yake ni pale unapokwenda unasimama, unakwenda unasimama."

Nikafurahi. Nilidhani tumemaliza. Mume wangu naye akafurahi kuliko mimi.

"Hebu nambie," akaniambia mle mle gereji, "kutoka Makunduchi mpaka Nungwi tunasimama mara ngapi? Matuta. Vizuizi vya polisi. Ng'ombe. Watoto wa skuli. Wewe mwenyewe na salamu zako. Sie hatuna barabara kuu, bibi. Sie tuna foleni moja ndefu iliyozunguka kisiwa."

Miezi mitano mtu huyu alikuwa akinitesa na safari ndefu, na siku ilipobainika kwamba hatuna safari ndefu, akalitumia hilo hilo kushinda. Tukauza pikapu ya petroli kwa mtu wa Bububu, na baada ya Ramadhani ikaja haibridi, nyeupe, iliyotumika kwanza nchi za watu, na vioo vyake vyeusi hata huoni aliyeko ndani.

Na alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Tangi tulilokuwa tukilijaza kila wiki likawa linatufikisha wiki ya pili na bado kinabaki kitu. Meli ya mafuta ilipochelewa kweli, na watu wakapanga madumu kwenye masheli, sisi tulipita taratibu na mume wangu alishusha kioo makusudi ili awasalimie watu wa upande wa petroli mmoja mmoja. Ndani mlikuwa na baridi ya kupendeza. Ikiwa kwenye mwendo mdogo ilikwenda kwa umeme peke yake, na sauti iliyosikika ilikuwa ndogo, kama friji ya chumba cha pili. Karibu na soko la Darajani mzee mmoja nusura tumguse na bampa kwa kuwa hakusikia kitu nyuma yake. Aligeuka akapiga kelele, "Mnakuja kama majini!" Mume wangu akaichukulia kuwa sifa. Barazani aliisimulia kwa muda mrefu.

Kitu kimoja tu alikikataza: kufungua vioo tukiwa safarini. Wale wazungu wake walikuwa wamemwambia kwamba kwenye barabara kuu kioo kikiwa wazi upepo unaingia na mafuta yanakwenda bure. Nikamwambia tuko nyuma ya gari ya ng'ombe, upepo utatoka wapi? Akavifunga vile vile. Basi tukawa tunazunguka kisiwa kizima tumejifungia kwenye chupa.

Alhamisi ya kwanza Uroa tulisimama pale pale njia panda. Tukangoja. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi kwa betri, injini imenyamaza, na mume wangu ananionyesha kwenye skrini ya gari mishale ya rangi inayoeleza umeme unatoka wapi na unakwenda wapi. Hakutoka mtu. Kwa mbali niliona mwanamke amechungulia mlangoni, akatutazama, akafunga mlango. Nikasema labda wamechoka na mfungo na sikukuu. Tukaondoka na gari tupu.

Alhamisi ya pili vilevile. Mlango mmoja ulikuwa wazi tulipofika, na tulipokuwa tumesimama ukafungwa. Safari hii nilianza kujiuliza. Nikakumbuka kwamba mara ya mwisho kabla ya Ramadhani, maana mwezi wa mfungo huwa sisafiri, mwanamke mmoja aliniletea kamba nyembamba na mimi nikaisema wazi mbele ya wenziwe. Nilikuwa na njaa na joto, na nilimsema zaidi ya ilivyostahiki. Hapo nikaona ndiyo hiyo. Wamekaa ndani wote pamoja, kunijibu.

"Shuka uwaulize," mume wangu akaniambia.

"Siwezi kushuka. Wamekaa ndani. Wamekwisha kunijibu."

"Wamekujibu nini na hawajafungua mdomo?"

Ni mtu wa Mjini, amezaliwa na kukua Mkunazini, ambako watu wanazungumza dirisha kwa dirisha mpaka jambo linaisha. Sikuwa na nguvu ya kumfundisha. Na nilikuwa nimeumia. Alhamisi ya tatu nilivaa vizuri, nikajiambia kwamba yule bibi wa nyumba ya kwanza hawezi kunifanyia hivi hata kama wengine wameniudhikia. Tukasimama hatua chache kutoka mlango wake. Niliutazama ule mlango robo saa nzima kupitia kioo cheusi. Haukufunguliwa. Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyetaka kulia. Miaka kumi na minne, nikasema, kwa sababu ya neno moja juu ya kamba nyembamba! Nikamwambia mume wangu aende, na Alhamisi zilizofuata tukawa tunapitia njia nyingine, hatuigusi Uroa kabisa. Kamba zilizopungua nilizitafuta kusini. Mafundi wa Nungwi walilalamika kwamba zinachoma mikono, nami nikawajibu vibaya.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja nilikuwa Darajani nanunua vitunguu, nikakutana uso kwa uso na mwanamke wa Uroa, jirani wa yule bibi, mlango wa pili. Ndiye yule yule mwenye kamba nyembamba. Alinisalimia salamu fupi, ya mtu anayetaka kupita. Na mimi kwa kuwa tayari nilikuwa na kinyongo, badala ya kumwacha apite nikamwambia, "Jamani, hata kama nilikosea, ndiyo mnifungie milango kijiji kizima?"

Akasimama. "Milango gani? Wewe ndiye uliyetuacha. Tangu sikukuu hujatokea."

"Nimekuja Alhamisi tatu!"

"Hukuja, bi. Sie tulikaa tunasikiliza."

Nilimweleza. Njia panda, Alhamisi tatu, pikapu nyeupe. Nikaona uso wake unabadilika.

"Ile nyeupe yenye vioo vyeusi? Ile ni yako?" Akashika kichwa. "Yallah! Sie tulidhani watu wa viwanja, wale wa kuchukua ardhi za pwani. Inakuja kimya kimya, inasimama, hashuki mtu, inatazama nyumba za watu, inaondoka. Tukaambiana fungeni milango, hao wanataka kutupima."

Niliweka kapu chini, pale pale sokoni, watu wananipita. Nikamwuliza kwa nini basi hawakunipigia hata simu moja, na namba yangu wanayo wote. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Tukupigie tukwambie nini? Njoo ununue? Mtu keshachoka na sisi, tumng'ang'anie? Tulisema amepata kamba nzuri zaidi kwengine, tusimtie haya."

Nakiri nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumtikisa yeye, kisha nijitikise mwenyewe. Wanawake kumi na zaidi wamekaa ndani na simu zao kwa adabu, na mimi nimekaa nje na simu yangu kwa adabu, na baina yetu mlango wa mbao. Na mume wangu, mjinga wa mambo ya shamba, ndiye pekee aliyesema shuka uwaulize. Nikamwuliza yule mwanamke kama makumbi wamefukia.

"Ya kumwuzia nani?" akasema. "Hatujafukia. Tumefukua yaliyokuwepo, yamekaa ndani."

Maana yake ni kwamba hata ningeanza kesho, mwakani patakuwa na miezi ambayo Uroa haina kamba hata moja. Hilo nililihesabu pale pale na likaniuma. Lakini lililonipeleka mbio lilikuwa jingine. Nikamwuliza habari za bibi. Akatazama pembeni.

"Bibi kachukuliwa na mwanawe. Mwezi wa pili huu."

Sikumsadiki. Kesho yake nilimwambia mume wangu anipeleke Uroa, na safari hii nilifungua vioo vyote na yeye hakuvifunga. Nilishuka, nikaenda mlangoni kwa bibi, nikapiga hodi kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne. Kulikuwa na kufuli. Kupitia upenyo wa dirisha niliona kamba, mabunda na mabunda, zimepangwa ukutani zinafika kifuani kwa mtu. Alisokota Alhamisi zile zote. Alisokota akisikiliza, mpaka makumbi yakamwishia.

Alasiri ile ile nikaenda kwa mwanawe. Mitaa miwili. Miezi miwili mwanamke yule alikuwa akikaa karibu na kwangu kiasi kwamba sote wawili twasikia adhana moja, na mimi nimenuna juu yake. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, amevaa kanga mpya, mikono ameiweka mapajani. Alikuwa amenenepa kidogo. Mwanawe alikuwepo, na mkewe akaleta chai na mikate ya kumimina.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Kamba zinakwendaje?"

Akaniuliza hivyo, kwa wema, kama mtu anayemwulizia mtoto wa mwenziwe. Nikamweleza yote kwa pupa. Hakunielewa. Gari inakwenda bila kulia? Nikamwinua, nikamshika mkono mpaka njiani, nikamkalisha kiti cha mbele, mume wangu akaiendesha polepole mpaka dukani na kugeuka. Bibi alikaa wima, ameshika mlango.

"Basi iwashe," akasema tulipokuwa tumesharudi mbele ya baraza. "Nnangoja niisikie."

"Imeshawaka, bibi. Tumekwenda na tumerudi."

Akatazama nje, akaona ni kweli. Kisha akasema taratibu, "Kwa hivyo ulikuwepo," na akanipiga kofi dogo mkononi, la kunilaumu. "Ulikuwepo pale mlangoni pangu. Na mie nimekaa nyuma ya mlango nakungoja."

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia zile kamba zilizoko ndani nanunua zote, na makumbi nitamletea mwenyewe kwa gari, na nitapiga hodi na honi na nitaita kwa jina. Nikamwambia twende nikurudishe, hata leo. Macho yake yalichangamka, nayakumbuka vizuri. Aliigeuza mikono yake akaitazama viganja.

"Ningerudi," akasema, na akashusha sauti ili mwanawe aliyeko barazani asisikie. "Walahi ningerudi. Lakini nshamwambia ndiyo. Kanipakia rangi chumba, kaninunulia kitanda. Nikisema leo nataka kwangu, ataona kuna lililomuudhi mama yake humu ndani. Mkewe naye ataona haya. Siwezi kumfanyia hivyo mtoto."

"Basi nimwambie mimi."

"Usiseme kitu." Akanibana mkono. "Usinitie aibu."

Tulirudi barazani. Mwanawe alitupokea kwa furaha, akamsogezea mama yake kiti kivulini. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyepata alichokiomba kwa miaka. Akaniambia, "Umemwona alivyopendeza? Nlimwambia zamani apumzike." Akasema tangu aje hajalalamika hata siku moja. Bibi akatabasamu na kutazama barabarani.

Neno nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa neno moja jepesi, na yule bwana ni mwelewa, angelisikia, angechukua funguo na kumrudisha mama yake kwake kabla ya magharibi. Mume wangu aliniangalia akingoja niliseme. Lakini ile ilikuwa nyumba ya watu, na sikuulizwa. Nikamwambia naam, amependeza. Nikanywa chai yangu mpaka ikaisha, nikamshukuru mkewe kwa mikate, nikaaga.